Baiskeli Niliyoitoa Sadaka

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi naenda Lukozi kwa miguu, huwaambia daktari amenishauri nitembee. Hakuna daktari aliyenishauri kitu. Natembea kwa sababu baiskeli yangu inaendeshwa na mtu mwingine, na mtu huyo namfahamu kuliko ninavyowafahamu ndugu zangu wa tumbo moja. Jumamosi asubuhi, nikiwa shambani kwangu hapa Malindi ya Lushoto, si ile ya pwani, juu kidogo ya barabara, huisikia kabla sijaiona. Mnyororo wake una mlio mwembamba, mlio wa kitu kinachotiwa mafuta kila wiki. Hapo huinama nikajifanya napalilia, hata kama magugu niliyamaliza jana.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu kulisema hadharani siwezi. Msomaji akifika mbele ataona mwenyewe kwa nini siwezi.

Baiskeli niliipata Muheza. Mwaka huo viazi vyetu viliozea ardhini, nikateremka kutafuta kibarua msimu wa machungwa. Nilipakia machungwa kwenye malori mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Karibu na soko kulikuwa na mtu anayeuza baiskeli za mtumba, na katikati ya baiskeli za watoto na zile za akina mama zenye vikapu mbele, alikuwa na moja ya kijani, imechubuka, usukani umepindia chini, matairi membamba kama kidole gumba. Haikuwa na keria. Haikubeba gunia, haikubeba mke, haikubeba hata ndoo ya maji. "Hiyo ni ya mbio," muuzaji aliniambia kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nilikuwa nikipita pale kila jioni kuitazama kama kijana anayezunguka nyumba ya mchumba. Msimu ulipokwisha niliinunua, nikarudi nyumbani bila sukari na bila kitenge cha mama.

Basi liliniteremsha Mombo. Anayeijua barabara ile ya kutoka Mombo kwenda Soni anajua inavyopanda, imeng'ang'ania ubavu wa korongo, kona juu ya kona, na mto unanguruma huko chini. Nilipanda nayo yote nimekaa juu ya tandiko, sikushuka hata mara moja. Soni nilifika shati limegandana na mgongo, nikanunua mapeasi, nikayala nimesimama huku nacheka peke yangu. Akina mama wa pale sokoni waliulizana kwa Kishambaa kama nilikuwa na akili timamu. Sikuwajibu, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha alikuwa mwenzangu. Nitamwita hivyo tu, ingawa neno lenyewe sasa linanikwama kooni. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukapata kipaimara siku moja, na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli tulipokuwa darasa la nne. Tulitumia baiskeli ya baba yake, ndefu kiasi kwamba ilibidi tupenyeze mguu chini ya bomba la fremu ili tufikie pedeli ya upande wa pili. Alikimbia pembeni yangu amenishika shati, na aliponiachia hakuniambia kuwa ameniachia. Siku hizi ni fundi seremala, mtu wa mikono iliyotulia, na kwenye kwaya huimba besi. Yeye alikuwa na baiskeli ile nyeusi nzito ambayo kila nyumba ya huku mlimani inaijua, yenye keria ya chuma na kengele isiyolia.

Miaka sita tuliendesha pamoja kila Jumamosi. Kutoka Malindi tulishuka kupitia msitu wa Magamba, ambako asubuhi baridi hung'ata masikio na mbega huruka juu ya barabara bila kujali nani anapita. Tukiingia Lushoto tulikunywa chai ya maziwa karibu na stendi, tumeegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba moja ya enzi za Wajerumani, halafu tukaendelea Soni, na siku nyingine tukafika mpaka Bumbuli tukakuta gulio limejaa, watu wanabishana juu ya bei ya maharage kama vile ni kesi ya shamba. Mara moja kwa mwaka tulikwenda Mtae. Ile si safari ya baiskeli yangu hata kidogo: barabara ni mawe na vumbi, na matairi membamba hupasuka kama mapovu. Lakini mwenzangu alikuwa na keria, na juu ya keria alifunga pampu, viraka, gundi, maji na ndizi za kuiva. Tulipofika pale kijiji kinapokaa juu ya ukingo, nchi yote ya Mkomazi imetandazwa chini, tulikaa kwenye majani tukavua viatu, tukanyamaza. Sijawahi kunyamaza vizuri namna ile na mtu mwingine yeyote.

Kwenye milima alibaki nyuma. Baiskeli yake ilikuwa na uzito wa ng'ombe aliyelala, mtu hawezi kushindana na hilo. Nilimsubiri kila kilele, na hili nalisema kwa kujitetea. Mara mbili tatu aliomba tubadilishane. Nilimpa. Nakumbuka vizuri kwamba nilimpa, mahali pa tambarare.

Mwaka juzi mama yangu aliugua tumbo, akalazwa hospitalini mjini Lushoto na kufanyiwa upasuaji. Huku kwetu chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani. Mke wangu alikoroga uji alfajiri, akautia kwenye chupa ya chai, nami nikaivaa mgongoni ndani ya begi la shule la mtoto na kuteremka msituni mikono ikiwa imekakamaa kwenye breki. Uji ulifika bado unachoma ulimi. Manesi walinizoea, wakaniita Baba Uji. Karibu mwezi mzima nilishuka na kupanda hivyo, na siku nyingine mwenzangu alinisindikiza na baiskeli yake ile, akanisubiri nje ya wodi kwa sababu alisema harufu ya dawa inamlegeza magoti.

Siku moja nilifika, nikamwita mama, hakuitika. Walimrudisha chumba cha upasuaji wakati nimesimama mlangoni na chupa mkononi. Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuwa amekuja kumwona, tukapiga magoti pale pale ukumbini, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilisema Mungu akimwacha mama hai, nitamtolea kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyo navyo. Sikuwa nimefikiri. Mwinjilisti aliitikia amina kwa sauti iliyofanya watu wa benchi la pili wageuke.

Mama alipona. Alirudi nyumbani amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini ulimi wake ulikuwa mzima na ulishaanza kutukosoa juu ya kuni. Ahadi ni deni, na mwinjilisti wetu si mtu wa kusahau. Jumapili ya pili baada ya mama kurudi alitusimamisha nje ya kanisa.

"Sikukuu ya mavuno inakaribia," alisema. "Ile baiskeli umeshaisafisha?"

Sikuwa nimetaja baiskeli. Hakuhitaji nitaje. Mama aligeuka akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Kumbe ni baiskeli, mwanangu? Uliahidi baiskeli yako kwa ajili yangu?"

Ningefanya nini? Nilisema ndiyo, na nilipoiona ile furaha usoni pake nilijisikia mtu mwema kwa muda wa kutosha kufika nyumbani.

Sasa lazima nieleze mnada wetu, kwa wale wasioujua. Si kila mtu ana fedha mfukoni Jumapili. Basi watu huleta alichowapa Mungu shambani na bandani: kabichi, mkungu wa ndizi, debe la viazi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa husimama uani na kuvinadi. Na ndani ya mnada huo kuna desturi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mnunuzi akimhurumia aliyetoa, anaweza kumrudishia kitu chake pale pale. Husema, "Nimemnunulia bibi yuleyule," vigelegele hupigwa, na kuku hurudi nyumbani kwapani mwa mwenyewe. Jambo hili linapotokea bila kupangwa huwa linanitoa machozi. Lakini sisi tumejifunza kulipanga. Mtu anamnong'oneza shemeji yake kwamba kesho anamtoa jogoo wake wa mbegu, amnunue kisha amrudishie. Kanisa linapata chake, shemeji anasifiwa, jogoo analala kwake. Kila mtu amewahi kufanya, na kila mtu akiona mwingine anafanya hutazama miti.

Ni mwenzangu aliyelileta wazo. Tulikuwa tumesimama Magamba, mnyororo wangu umetoka, naye amechuchumaa anaurudisha kwa vidole vyake vya useremala. Aliongea Kishambaa, lugha tunayoitumia kwa mambo ya kweli.

"Wewe itoe tu, usihangaike. Mimi nitainunua, nikurudishie mbele ya watu."

"Na bei ikikushinda?"

"Nani wa kugombania baiskeli isiyobeba gunia?"

Tulicheka mpaka nikashika mti. Jioni ile nilimpelekea mbuzi wangu jike, yule mwenye mimba, amuuze gulioni ili apate cha kununulia. Alikataa kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha akapokea kamba. Njiani kurudi nilipiga mluzi. Nilimwona Mungu amepata chake, mama amepata heshima yake, nami nimebaki na changu, na sikuona mahali popote penye ubaya. Akili ya mtu ni fundi sana wa kuziba nyufa zake mwenyewe.

Jumapili ya mavuno niliisafisha baiskeli kwa mswaki, spoku moja moja. Niliisukuma katikati ya kanisa hadi mbele, ikitoa ule mlio wake mdogo, na watu wote wakageuka. Mama alikaa safu ya kwanza, kitambaa kichwani kimepigwa pasi. Niliiegemeza chini ya madhabahu kati ya maboga na kabichi. Mwinjilisti aliwaeleza watu kisa chote, magoti, ukumbi wa hospitali, ahadi. Wanawake walilia. Nami, Mungu anisamehe, nilitoa machozi ya kweli kabisa huku najua kwamba kabla ya saa nane mchana ningekuwa naiendesha kurudi nyumbani.

Mnada ulianza na mayai. Baiskeli ilipofika kulikuwa na ugumu ambao hatukuutarajia, kwa sababu mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni kutoka Tanga, aliipenda na kuanza kupandisha. Mwenzangu alipandisha. Mwalimu akapandisha tena. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama niko kwenye kona za Soni. Nilimtazama mwenzangu nikaona uso wake hautanii, mishipa ya shingo imesimama, na nikawaza: tazama rafiki, anapigania kitu changu kuliko ambavyo ningepigania mimi. Mwalimu alitikisa kichwa, akarudi nyuma.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Imekwenda kwa mwimbaji wetu!" mzee wa kanisa alipaza sauti.

Mwenzangu alisogea akashika usukani. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye kundi. Hapa ndipo aibu inaponichoma mpaka leo: nilikuwa nimenyoosha mikono yote miwili, natabasamu, kama mtoto anayepokea pipi. Watu walielewa. Karibu yangu mama mmoja alikuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele.

Mwenzangu alishika mkono wangu mmoja kati ya ile miwili niliyokuwa nimenyoosha, akautikisa.

"Mungu akubariki kwa moyo wako wa utoaji," alisema, kwa Kiswahili safi, kwa sauti ile ya besi.

Kisha akavusha mguu juu ya tandiko. Alikuwa amevaa suruali ya kwaya, akaikunja mguu wa kulia taratibu ili isishikwe na mnyororo, jambo ambalo nililiona na nikalikumbuka baadaye, kwamba hakuwa na haraka hata kidogo. Kigelegele kilipigwa hivyo hivyo. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, kwa sababu mikono ilikuwa iko hewani tayari na sikujua pa kuipeleka.

Mchana kutwa nilimsubiri nyumbani. Nilijiambia ameona aibu kunirudishia mbele ya yule mwalimu, ataileta kimya kimya. Nilimwambia mke wangu aweke chai. Chai ilipoa, akaipasha, ikapoa tena. Aliponiuliza namsubiri nani, nilimkaripia.

Kesho yake nilikwenda karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, na hakuacha.

"Umesahau jana?" nilimwuliza.

"Sijasahau kitu."

"Basi baiskeli iko wapi?"

"Iko ndani."

"Bwana wewe, si tulipatana?"

Hapo aliweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao mikononi.

"Tulipatana nini? Sema kwa sauti, majirani wasikie."

Nilifungua mdomo. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mzee yuleyule wa kanisa aliyenadi, anachoma mahindi. Nikaufunga.

"Ulimwahidi Mungu," mwenzangu aliendelea, na alisema kwa upole, upole ambao ungekuwa kofi ningeustahimili vizuri zaidi. "Mimi nimekusaidia usimdanganye."

"Asante ya punda ni mateke," nilimwambia.

"Miaka sita nimebeba pampu yako, viraka vyako, maji yako na ndizi zako. Punda ni nani kati yetu?"

"Ungeniomba!"

"Niliomba."

Akachukua randa yake, akarudi kwenye ubao. Niliondoka nikiwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, na njia nzima kurudi sikupata kitu cha kuvunja isipokuwa fimbo ya mtu iliyoegemezwa kwenye uzio, na hata hiyo nilimwacha mwenyewe na fimbo yake. Nilikuwa nimeshamtungia hukumu: ni mwizi, amenunua baiskeli yangu kwa mbuzi wangu, na jambo hilo angalau nitalisema mahali. Nilipofika nyumbani, mbuzi alikuwa amefungwa getini, anakula ua wangu. Alikuwa hajauzwa. Mwenzangu alinunua kwa jasho lake, kwa bei ya kupigania, akanirudishia mnyama wangu na mimba yake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hakuniachia hata kijisababu cha kumwita mwizi.

Nilimchukia, na bado namchukia, na sitaki mtu aniambie kwamba muda huponya. Anapita na baiskeli yangu amenyanyua kichwa, ameinunulia chupa ya maji yenye kishikio, ameipaka rangi mpya. Ningeweza kumsamehe kama angekuwa na uchoyo tu. Lakini alikaa karibu na mimi kwenye majani ya Mtae miaka sita, akanyamaza pamoja nami, na muda wote huo kumbe alikuwa ananyamaza peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mchungaji siwezi kwenda. Kwa mwinjilisti ndiyo kabisa. Mke wangu nilimweleza, akasikiliza mpaka mwisho, akasema njia ya mwongo ni fupi, kisha akaenda kukamua ng'ombe. Sikumwuliza mwongo gani, mimi au mwenzangu.

Kilichonitesa zaidi ni mama. Kila mgeni aliyefika kumpa pole aliambiwa habari za baiskeli. Watu wa Lukozi, watu wa kwaya, hata mnunuzi wa karoti aliyekuja na lori. "Huyu mwanangu alinitolea kitu chake cha roho," alisema, na kunishika mkono. Nilivumilia wiki, nikavumilia mwezi. Halafu msimu wa baridi, ukungu umefika hadi mlangoni, nilimkuta peke yake jikoni anachambua maharage, nikaketi nikamwambia. Nilitaka mtu mmoja tu duniani akasirike kwa ajili yangu. Nilimweleza Magamba, mbuzi, mpango wetu, mikono yangu miwili iliyobaki hewani. Nilimaliza nikasubiri.

Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Siku ile ulipoipeleka mbele," aliniuliza, "ulikuwa unajua inarudi?"

"Nilijua, mama."

"Na kule hospitali ulipoahidi?"

"Kule niliahidi kweli. Naapa."

Alitupa mawe madogo mlangoni, akapeta kwa ungo.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakufa ulikuwa mkweli. Nilipopona ndipo ukaanza kupunguza."

"Mama, lakini mimi ndiye niliyesalitiwa."

Aliendelea na maharage yake, nami nilikaa pale mpaka moshi ukanitoa machozi ambayo yangeweza kuwa ya moshi. Tangu siku ile hakuwahi tena kumsimulia mgeni habari za baiskeli. Mtu akimwuliza juu ya ugonjwa wake husema Mungu alimsaidia, na anaishia hapo.

Zilipita Jumapili kadhaa. Siku moja mama aliniomba nimbebee furushi kanisani, nami nikambebea bila kuuliza. Lilikuwa laini na zito. Ulipofika wakati wa sadaka alilichukua mwenyewe, akalifungua mbele ya madhabahu, na nikaona ni blanketi lake, lile zito la pamba ambalo dada yangu alimletea kutoka Arusha alipotoka hospitali, la pekee alilo nalo. Malindi msimu ule maji ya ndoo asubuhi huwa ya kukata meno. Alilikunja vizuri pembe kwa pembe, akaliweka juu ya kabichi, akarudi kukaa.

Kwenye mnada nilisimama mbele kabisa. Nilijua la kufanya, na safari hii sikuwa nimepanga na mtu. Ningelinunua kwa gharama yoyote ile, ningemrudishia mbele ya watu wote, ningemfunika nalo mabegani pale pale uani. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka upande wa Mtae kumtembelea binti yake alitaja bei. Nikanyoosha mkono, nikaiongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena.

"Mzee," mama alimwita mnadi kutoka kwenye benchi lake, wala hakupaza sauti sana. "Huyo mwanangu msimuuzie."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mama na mwanawe. Mwenzangu alikuwa ukutani na wanakwaya, na yeye peke yake hakucheka. Mzee wa kanisa alinitazama, akamtazama mama, akaona hacheki. Akampa blanketi yule mwanamke wa Mtae. Mama alimshika mkono, akamwambia alifue kwa maji ya vuguvugu na alianike kivulini.

Tuliondoka pamoja. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeiacha njia ya kwetu na utelezi, na tulipofika pale panapopanda nilimpa mkono wangu kama ninavyompa siku zote. Aliutazama kidogo, akachimbia fimbo yake kwenye tope, akapanda nayo.